Kuku Hawakuugua

Nilijua naumwa siku niliyoshindwa kula senene.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeshika, na mke wangu Adventina alikuwa akiwakaanga panzi hao kwa chumvi na kitunguu kama afanyavyo kila msimu. Harufu ilipofika karakanani mate yalinijaa mdomoni, lakini hayakuwa mate ya hamu. Nilitoka mbio nikatapika kwenye migomba. Adventina alinifuata na kikombe cha maji, akasimama akinitazama nikisukutua.

"Mhaya akitapika kwa harufu ya senene," alisema, "hapelekwi duka la dawa. Anapelekwa hospitali."

Nilimjibu kwamba ni uchovu. Haukupita muda mkojo wangu ukawa na rangi ya kahawa iliyochemshwa, na asubuhi moja Adventina alinivuta kope ya chini kwa kidole gumba, akaangalia, kisha akaenda kupanga nguo kwenye mfuko. Macho yangu yalikuwa yamegeuka rangi ya ganda la ndizi mbivu.

Naandika haya sasa kwa kuwa yaliyo mabaya zaidi yamepita. Namwandikia mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali, ameambiwa ini lake limeumia, na hajui alikosea wapi. Mimi si mtaalamu. Nilimaliza darasa la saba, mengine nimeyasoma mwenyewe kwenye vitabu vya mitumba na miongozo ya injini. Kwa hiyo sitakufundisha kazi za ini. Nitakueleza nilivyoishi nalo lilipoumia, na jinsi tulivyokaribia kumpoteza mdogo wangu Deus kwa sababu ya kuku.

Karakana yetu iko nyuma ya nyumba, pembeni mwa mji wa Muleba, ndani ya kibanja, shamba la migomba alilotuachia baba. Tunatengeneza injini za boti. Wavuvi wa kisiwa cha Bumbire huzivusha ziwa mpaka mwaloni, boti zinapotia nanga, kisha zinapandishwa kwa gari hadi kwetu. Fundi ni mimi na Deus. Zamani tulisafisha kabureta na pistoni kwa petroli, kama mafundi wote, mpaka siku petroli iliposhika moto ikamuunguza Deus mkono wa kushoto kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Mkono ulipona ukiwa na makovu yanayovutana. Baada ya hapo hakutaka kuiona petroli kwenye beseni.

Yeye ndiye aliyepata lile pipa. Lilitoka kwa mtu aliyekuwa akiuza mabaki ya stoo ya kiwanda kilichofungwa siku nyingi. Maandishi yake yalikuwa yameliwa na kutu. Ndani mlikuwa na kimiminika kisicho na rangi, kizito kuliko maji, chenye harufu tamu kidogo, nacho kiliondoa grisi kuliko kitu chochote nilichowahi kutumia. Zaidi ya yote, hakikushika moto. Deus alikijaribu kwa kiberiti mbele yangu, na kiberiti kikazimika. Sijamwona akitabasamu vile tangu aungue. Tulikiita baridi, kwa sababu kilipokauka mkononi kiliacha ubaridi.

Tulikitumia kwa mikono mitupu. Mvua ikinyesha tulifunga mlango ili maji yasiingie, tukawa tunavuta hewa ile ile kutwa. Jioni tulikaa barazani na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila mtu na kata yake. Novemba ile injini zilikuja nyingi kwa pamoja, mvua haikukatika, na mlango ulifungwa karibu muda wote. Mama anaishi nasi, na kuku wake walilala humo humo karakanani, kwenye makreti yaliyo mguuni pa pipa. Walikunywa hata maji yaliyotuama pale lilipokuwa likivuja. Mteja akilalamika juu ya harufu, tulimwonyesha kuku.

Hospitalini Bukoba nilijifunza kwamba kusubiri ni kazi, na ni kazi isiyonifaa. Tangu utoto nimezoea kufungua kitu kilichoharibika na kukiangalia ndani. Pale mimi ndiye niliyeharibika na sikuwa na spana. Nilikaa kwenye benchi la maabara, nikasimama, nikakaa. Nilisoma kila tangazo ukutani mpaka nikayajua kwa kichwa, pamoja na makosa yake ya chapa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, na nililazimika kujizuia nisiombe ngazi niishushe.

Malaria haikuonekana. Virusi vya homa ya ini havikuonekana. Wakati huo mkojo ulikuwa umepungua kiasi cha kutisha, miguu imevimba, na mwili mzima ulikuwa ukiwasha kwa namna ambayo kukuna hakusaidii. Ngozi ilikuwa nzima, muwasho ulikuwa chini yake. Adventina aliniletea gunzi la muhindi kutoka kwa dada yake anayeishi Nyanga, hapo hapo Bukoba, akawa ananisugua mgongo kama anayesugua sufuria. Hiyo ilikuwa rehema ya kwanza, nami naitaja kwa sababu hakuna daktari atakayekuambia habari za gunzi.

Daktari wetu wa wodi alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye sauti ya chini. Asubuhi moja alisimama miguuni pa kitanda na faili mkononi, akauliza, "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Fundi wa injini za boti."

"Kuna kitu unachokishika kila siku kwa mikono?"

Nilimweleza habari za baridi. Aliuliza uzito wake, harufu yake, kama inawaka. Akauliza kama ninakunywa pombe. Nilipomaliza kujibu alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema hawezi kuapa bila kuipima, na pale hawana cha kuipimia, lakini kwa maelezo yangu anadhani ni kaboni tetrakloridi, kemikali ya viwandani ambayo siku hizi haitakiwi hata kuuzwa. Alisema ini lililozoeshwa pombe huumizwa nayo zaidi. Kisha akauliza, "Mnafanya kazi wangapi humo?"

Sikufikiria swali hilo mpaka alipoliuliza. Toka dakika hiyo ugonjwa wangu ulikuwa na nusu ya pili, na nusu hiyo ilikuwa Muleba, imefunga mlango kwa sababu ya mvua.

Nilimpigia Deus simu nikamtaka aache kuigusa baridi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kaka, pumzika," alisema. "Ukipona tutaongea."

Sikupumzika. Nilihesabu vigae vya dari. Walinitundikia dripu, wakanipa vidonge, wakanizuia chumvi, wakapima mkojo wangu kwenye chombo chenye mistari. Noeli ilinikuta wodini. Mkojo ukarudi kidogo kidogo, na sikujua kama mtu mzima anaweza kuufurahia mkojo wake kiasi kile. Januari njano ilianza kuondoka, kwanza mikononi, mwisho machoni. Niliruhusiwa nikiwa na suruali iliyofungwa kwa kamba, nikakaa kwanza kwa shemeji Nyanga ili niwe karibu na kliniki, na Februari nikarudi nyumbani.

Kitu cha kwanza nilichokisikia nikishuka kwenye gari kilikuwa harufu ya baridi.

Deus alitoka karakanani akifuta mikono, akanipokea mfuko. Alikuwa amefanya kazi yangu na yake kwa miezi yote ile, akalisha nyumba yangu pamoja na yake. Nilikuwa na deni la shukrani kwake, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe magumu.

"Deus, nilikuambia uache kile kitu."

"Uliniambia daktari anadhani. Hakusema anajua." Alinyanyua mkono wake wa kushoto wenye makovu. "Kaka, moto naujua. Hilo ini lenu silijui."

"Mimi nimelijua."

"Na kuku je? Wamelala mguuni pa pipa tangu lilipokuja. Wanakunywa matone yake. Wanataga. Mimi nafanya kazi humo humo, mzima. Wewe peke yako ndiye uliyekwenda Bumbire mwezi ule ukala kwa watu."

Ndipo nilipotambua kwamba nyumbani walikwisha kukubaliana. Mama aliamini nimetiliwa kitu kwenye chakula kule kisiwani. Hakuwa ametaja mtu, lakini kila mtu alijua niliyekula kwake, mama mmoja mwenye boti ambaye ameniletea kazi miaka mingi. Alipotuma sangara wa kunipa pole, mama alimgawia paka.

Nilijaribu kuliondoa pipa mwenyewe. Watu wa nyumbani walikuwa misani. Nililiinamisha ili niliviringishe nje, na mikono ikaniishia nguvu. Sikuwa nimejua kwamba misuli inaweza kuondoka kimya kimya hivyo. Pipa lilirudi mahali pake kwa kishindo, kuku wakaruka, mimi nikakaa chini sakafuni mpaka Adventina aliporudi na kunitoa.

Siku chache baadaye, tukiwa tumeanza tena kubishana mimi na Deus, mama alitukatiza. "Watu wazima hawabishani kwa mdomo wakati kuku wapo," alisema.

Sisi ni Wakatoliki na mama hapigi ramli. Lakini babu yake alikuwa akiangalia matumbo ya kuku, na yeye hajawahi kupasua kuku bila kutazama ndani kwanza, jinsi mtu mwingine anavyotazama mawingu kabla ya kuanika kahawa. Hata bila hayo, hoja yake ilikuwa safi. Kama baridi inakula maini, tulitazame ini la aliyelala nayo. Mimi mwenyewe nisingeweza kupanga jaribio bora zaidi. Alimchagua kuku jike mzee aliyekuwa akilala mguuni pa pipa. Deus akamchinja, mama akampasua, akalitoa ini zima, akaliosha na kuliweka kwenye jani la mgomba.

Nitakuambia kitu ambacho sikumwambia mtu siku ile. Nilimwomba Mungu ini lile liwe bovu.

Lilikuwa zuri. Rangi ya damu ya mzee, laini, kingo zake kali, halina doa wala kivimbe. Mama aligeuza upande wa pili, nao ukawa vilevile.

"Basi," alisema. "Si dawa yenu. Ni watu."

Deus hakunicheka. Angenicheka ningeona nafuu. Wakati wa kula alichukua lile ini kwenye mchuzi akaniwekea sahanini mwangu. "Kula, kaka. Labda litalisaidia la kwako." Nililitafuna bila kusikia ladha, na tangu siku hiyo sikutulia.

Nilizunguka kibanjani kutoka mgomba hadi mgomba. Adventina alisema nitachimba mfereji. Nilitafuta kasoro kwenye jaribio la mama na kila niliyoipata ilikufa mkononi. Nilijiambia kuku hushinda nje, lakini alikuwa amekunywa yale matone. Nikajiambia mwili wake ni mdogo, lakini mwenye mwili mdogo ndiye anayetakiwa kufa kwanza. Kama ini la kuku lilikuwa safi, basi ama daktari alikosea, ama kulikuwa na jambo nisilolijua. Wakati huo huo mlango wa karakana ulikuwa ukifungwa kila mvua ikitanda, na jioni Deus alikuwa akinywa rubisi yake na yangu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekatazwa.

Kisha nikaanza kumwona Deus naye akibadilika. Alikuwa akiacha ndizi sahanini. Alikuwa akilalamika kichwa, akisema ni jua. Siku moja nilimkuta ameegemea fremu ya mlango, akijikuna kiganja kwa meno ya msumeno wa chuma.

"Muwasho?"

"Grisi," alijibu, akaondoka.

Kliniki yangu ya masika iliangukia siku ya mvua kubwa. Chumba cha kusubiria kilijaa watu wenye miavuli inayochuruzika. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa Mzee Hamza, mtu wa mjini Bukoba, mwenye kofia nyeupe na chupa ya chai ya tangawizi, aliyekuja kwa ajili ya sukari na kidonda cha mguu. Nilikuwa nimesimama na kukaa mara nyingi sana.

"Kaa bwana," alisema. "Benchi hili halina msumari, nimelikagua."

Nilicheka, nikaomba radhi. Akaniuliza ninaumwa nini. Tunapokaa kwenye foleni ndefu tunamweleza mgeni mambo ambayo hatujamweleza padri, nami nikamweleza yote, pipa, mdogo wangu, kuku, na lile ini kwenye jani. Alinisikiliza akipuliza chai.

"Haishiki moto?"

"Haishiki."

"Nzito, harufu tamu tamu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi naifahamu. Mimi nilikuwa bwana mifugo, mpaka kustaafu. Nilipoanza kazi, wakubwa wangu walikuwa bado wanaisimulia. Zamani ilikuwa dawa ya minyoo. Kondoo alinyweshwa kwa minyoo ya ini, na wengi walistahimili. Ng'ombe ukimnywesha, unatafuta balaa. Kuku alipewa, minyoo ikatoka, naye akarudi kutaga."

Nilisimama tena. "Dawa ile ile?"

"Ile ile. Kaa. Maini hayafanani, bwana. Kitu chenyewe kikiingia hakina ukali huo. Ini ndilo linalokivunjavunja, na vipande vyake ndivyo vinavyolitafuna lililovivunja. Ini la kuku halishughuliki nacho sana, linakiacha kipite, kinatoka na pumzi. La kwako linakichangamkia."

"Na la mtu anayekunywa pombe?"

"Hilo linakichangamkia zaidi, limeshazoeshwa kuchapa kazi." Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa mimi. "Kuku wako hakusema uongo. Mlimuuliza habari za ini la kuku, naye akajibu."

Nilipoingia kwa daktari nilimrudishia maneno hayo moja baada ya jingine. Alisema mzee amenieleza sawa, na kwamba mdogo wangu aje kupima damu, asingoje macho yageuke. Nikauliza itakuwaje asipokuja. Alisema mimi niliugua ghafla, nikapelekwa hospitali na nikaacha kuigusa. Anayeipata kidogo kidogo bila kuacha, ini lake hujaa makovu, na makovu ya ini hayatibiki kwa dripu.

Nilirudi Muleba nikiwa na jibu, na nilidhani jibu linatosha. Niliwasimulia jikoni, mama akimenya ndizi. Deus alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kondoo, ng'ombe, kuku," alisema nilipomaliza. "Kaka, ulikwenda hospitali au mnadani?"

"Deus, njoo upime. Damu kidogo tu."

"Nikipima watakuta kitu. Hospitali ukienda mzima, unarudi na jina la ugonjwa." Aliutazama mkono wake wenye makovu, akaukunja. "Nikiacha ile, narudi kwenye petroli. Hilo hamlitaji. Nyote mnaongea habari za ini, hakuna anayetaja moto."

Alikuwa na haki. Aliondoka. Mama aliendelea kumenya kwa muda, kisha akauliza bila kuinua macho, "Huyo mzee alisema dawa hiyo hiyo moja, ng'ombe inamdhuru, kuku haimdhuru?"

"Ndiyo, Ma."

Alichukua ndizi nyingine, akaimenya.

Kwa msomaji asiye wa huku, kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, kiumbe ambacho watu wa ukoo huo hawali. Wetu ni kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni tunayemwita emamba. Jirani yetu Ma Leonia ni wa ukoo mwingine, naye humla na kuusifia mchuzi. Sisi tumefundishwa tangu utoto kwamba tukimla, ngozi itatutoka vidonda. Sijawahi kumwona aliyetokwa na vidonda hivyo, kwa kuwa sijawahi kumwona mtu wa kwetu aliyethubutu. Katika karakana yetu mvuvi akija na kamongo kwenye boksi, humwacha nje ya uzio.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Ma Leonia alifika kwetu na chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Ilibidi kiwe chungu chake, kwa maana kitu hicho hakiwezi kupikwa katika chetu. Mama alimwita Deus mezani, akamsogezea.

"Kula, mwana wange."

Deus alifunua. Alifunika upesi kama aliyekutana na nyoka. "Ma, hii ni emamba."

"Naijua."

"Unataka kuniua?"

"Nikuue kwa nini? Leonia, wewe umeila?"

"Jana jioni, na leo kabla ya misa," alisema Ma Leonia, akifurahia kazi yake kuliko ilivyopasa. "Nitazame. Kuna kidonda?"

"Huyu si wa ukoo wetu," Deus alisema.

"Kwa hiyo yeye akibaki mzima, wewe hutabaki mzima?"

"Ma, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Kila mtu na muziro wake. Chakula cha huyu ni maradhi ya yule."

Mama alivuta chungu, akamrudishia Ma Leonia. "Na kuku ni wa ukoo wetu?"

Ma Leonia alicheka peke yake, kisha akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Deus aliitazama mikono yake, wenye makovu na usio na makovu, yote miwili ikiwa imepauka kwa baridi. Kulikuwa na mikwaruzo mipya viganjani.

"Mimi ndiye niliyelitazama ini la yule kuku nikakupa ruhusa," mama alisema. Sauti yake haikuwa laini. Alikuwa na hasira, na nadhani sehemu kubwa alijikasirikia mwenyewe. "Leo naichukua ruhusa yangu. Na yule mama wa Bumbire apelekewe mkungu wa ndizi."

Mlango wa karakana haukufunguliwa kesho yake. Tulilikaza pipa kifuniko, tukaliziba lilipokuwa likivuja, tukalihamishia kwenye banda la wazi lenye paa, mbali na kisima, likasubiri watu wa mazingira wa wilaya. Walichelewa kuja, nami nilikuwa nalitazama kila asubuhi kama mtu anayetazama mbwa aliyefungwa kwa kamba ya zamani. Sasa tunasafisha kwa dizeli na sabuni ya unga, nje, kwenye upepo, tumevaa glavu. Kazi ni polepole na grisi ni kaidi. Nilijaza ndoo za mchanga wa kuzimia moto, nikaziweka mahali ambapo Deus anaziona kutoka kila upande anaposimama. Hakusema asante. Lakini nilimwona akizisogeza karibu zaidi.

Alikubali kupima mwezi Mei, na akanitaka twende wote. Nilikaa kwenye benchi lile lile na koti lake mapajani. Nilisoma matangazo. Makosa ya chapa yalikuwa bado yapo, saa ilikuwa bado imesimama. Nilikwisha kuwa mgonjwa kwenye benchi hili na nilidhani nimelizoea, kumbe kumngojea mtu mwingine ni benchi jingine kabisa. Ikiwa wewe ndiye unayeumwa na mtu wako anakaa nje akikusubiri, mwonee huruma. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Hakukuwa na Mzee Hamza wa kunikemea.

Deus alitoka akiwa ameshika pamba kwenye kiwiko. Alikaa, akachukua koti lake, akalivaa taratibu, mkono wenye makovu kwanza.

"Limeumia," alisema. "Si sana. Daktari anasema nimewahi. Nisiiguse tena, niache pombe, nirudi kiangazi." Akafunga kifungo cha koti. "Amenichora ini kwenye karatasi. Sikujua ni kubwa hivyo."

Nje ya lango, kwa kuwa ni msimu ule mdogo wa senene, mama mmoja alikuwa akiwauza kwenye beseni, wamekaangwa, wamekolea chumvi. Deus alinunua pakiti, akala wachache, akanitazama.

"Unaweza?"

Sikuwa nimejaribu tangu Novemba. Nilichukua mmoja, nikamtafuna, nikangoja. Watu walipita na miavuli yao. Tumbo halikusema kitu. Nikachukua wa pili, kisha nikatia mkono mzima.

"Basi," Deus alisema, akivuta pakiti upande wake. "Umepona. Usimalize."